Barua ya wazi kutoka mbele ya geti: njooni saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya vijana,
Kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na maofisa kazi wote wa mkoa huu.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka pesa kwa simu. Kibanda changu kipo Kiwalani, kinatazamana na geti la kiwanda ambacho sitakitaja jina. Nikikitaja mtakishukia hicho kimoja, mtakwenda na kamera, na mageti mengine yote kuanzia Tazara mpaka Kipawa yataendelea kama yalivyo.

Nafungua saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo hakuna anayetoa hela. Nafungua kwa ajili ya simu. Vibarua hawaruhusiwi kuingia nazo ndani, kwa hiyo wananiachia, mia mbili kwa kila moja, nazibandika plasta yenye jina na kuzifungia kwenye droo. Ikifika saa kumi na moja na nusu nje ya geti pameshajaa. Wengine wametembea kutoka Vingunguti na Buguruni, wengine wameshushwa na daladala za kwanza za Gongo la Mboto, na wapo wanaotoka Buza kwa miguu ili nauli ibaki. Hawapangi foleni. Foleni haina maana pale, maana anayewahi siye anayeitwa.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi msimamizi anatoka na ndoo, ile ya rangi ya lita ishirini. Anasimama, anawaangalia, anaanza kuita. Majina hayajui. "Wewe mrefu. Wewe wa kofia. Wewe wa jana, sogea." Siku kontena zikiwa nyingi anaita sitini, siku mbaya anaita thelathini. Aliyeitwa anatumbukiza kitambulisho chake kwenye ndoo, cha NIDA au cha mpiga kura, na anaingia. Kitambulisho kinabaki ndani hadi jioni, ili mtu asije akachoka mchana akaondoka. Yaani jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa na picha yake vinashinda humo kutwa nzima, lakini haviandikwi kwenye daftari lolote. (Kuna imani pale nje, sijui kama ni ya kweli, kwamba msimamizi ni Simba wa kulia machozi. Tangu imani hiyo isambae sijaona jezi ya Yanga getini alfajiri. Zinaachwa kwangu pamoja na simu.)

Waliobaki wanakaa kidogo kwenye kizingiti cha duka la jirani, wakitegemea kwamba mtu atazidiwa ndani na msimamizi atatoka tena. Saa moja kamili geti linafungwa. Saa moja na robo hakuna mtu. Ukipita pale saa nne asubuhi, saa ambayo wageni kutoka ofisi kubwa hupita, utaona barabara tulivu, mlinzi na mti wa mwarobaini.

Yanayofanyika ndani nayajua kwa sababu nimekuwa humo. Nina stashahada ya uhasibu. Nilimaliza chuo 2015, nikazunguka na bahasha ya kaki miaka miwili, Posta, Upanga, Mikocheni, Ubungo, kila ofisi wananiambia niache CV mapokezi. Nikaja getini kwa muda tu, nikijisemea mwezi mmoja wa kupata nauli. Niliingia 2017, nikatoka 2021. Na kwa kuwa hesabu ndiyo niliyosomea, nilikuwa na kauntabuku. Kila siku niliyoitwa niliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na nilicholipwa. Mwaka 2019 peke yake una siku 283. Mwajiri yuleyule, idara ileile, meza ileile ya kufungasha. Na katika kila moja ya siku hizo mimi nilikuwa mtu aliyetokea barabarani asubuhi ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya 2004, na ilikuwepo muda wote huo. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Inasema ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Inasema pia kwamba hata asiyetimiza miezi sita mfululizo, ikiwa amefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri huyohuyo na jumla yake ikapita miezi sita, anastahili likizo yenye malipo. Niliposoma sehemu hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akaniangalia. Aliyeiandika alikuwa anatujua. Alijua kwamba watakuwepo watu ambao siku zao zitakatwakatwa kama nyanya ili zisitimie.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Tuliingia saa moja asubuhi, tukatoka saa moja jioni, katikati tulipumzika saa moja. Hizo ni saa 11 za kazi kwa siku, 66 kwa wiki ya siku sita. Zilizozidi ni 21 kwa wiki, sawa na 84 katika wiki nne, ilhali sheria inakomea 50. Kima cha chini cha biashara na viwanda wakati huo kilikuwa 115,000 kwa mwezi, kilichopangwa 2013 na ambacho hakikuguswa hadi Januari 2023. Kwa saa hiyo ni kama shilingi 590. Mtu wa kima cha chini kabisa, akilipwa na ovataimu yake, alitakiwa kuondoka na takribani 45,000 kwa wiki. Sisi tulilipwa 5,000 kwa siku, 30,000 kwa wiki.

Sasa tazameni ujanja ulipo. Elfu tano mara siku 26 ni 130,000, tayari imepita kima cha chini. Afisa akija akiuliza mnawalipa shilingi ngapi, anatajiwa bei ya siku, anapiga hesabu kwenye simu, anaridhika, anaondoka. Ile 15,000 ya kila wiki imefichwa kwenye saa, na saa hazina karatasi.

Niliondoka 2021. Sikufukuzwa, maana kibarua hafukuzwi, haitwi tu. Tumbo lilipoanza kuonekana, msimamizi aliacha kuniona. Wiki ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Wiki ya pili wenzangu wakawa wananikwepa macho. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mimi nilipewa zote na nyongeza juu yake, bila senti. Hela ya kufungulia kibanda ilitoka kwenye mchezo wa akina mama wa mtaani, zamu yangu ilipofika.

Na hapa ndipo nilipoanza kuona upande wa pili wa geti, ule wa hela. Sitataja mteja wangu, miiko ya kazi yangu hainiruhusu, kwa hiyo chukueni kama mfano tu. Tuseme leo wameitwa watu 38 na bei ni 7,000. Jioni ofisi inamtumia mtu mmoja 266,000 kwenye laini yake. Anakuja kutoa, anaomba noti za elfu tano na za elfu moja. Anakwenda kugawa. Saa mbili usiku mtu huyohuyo anarudi kuweka 38,000. Sihitaji kuuliza. Nimesomea uhasibu, lakini hata aliyeishia darasa la nne angeelewa. Kila mmoja amepokea 6,000, na buku moja imebaki kama ahsante ya kuitwa, ili kesho aitwe tena. Ukilalamika, kesho wewe ndiye "wewe wa wapi?"

Ofisi yenyewe pengine haijui. Pengine inajua na inanyamaza kwa kuwa haitoki mfukoni mwake. Vyovyote vile, kwenye vitabu vyake inasomeka "malipo ya vibarua, 266,000", mstari mmoja. Hakuna mtu kwenye mstari huo. Mwezi uliopita kijana mmoja alitolewa nje na kidole kilichopondwa na toroli ya kubebea mizigo. Alipewa elfu ishirini ya famasi na bodaboda ya kumpeleka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, unafanya kazi tangu 2015, na nasikia wenye mikataba wanalipwa vizuri. Lakini fidia inaanza na swali dogo: mfanyakazi wa nani? Yeye hana cha kujibu, kitambulisho chake tu ndicho kilichokuwa kwenye ndoo ya rangi.

Waheshimiwa, kila mwaka tunaambiwa tujiajiri. Nimesikia kwenye mahafali, kwenye redio, kwenye makongamano ya vijana yenye fulana na maji ya chupa. Haya, mimi nimejiajiri. Nihesabuni kwenye mafanikio yenu. Ila naomba niwaambie nilichojifunza nikiwa upande huu. Kuanzia kona ya kwangu hadi kituoni tuko mawakala watano. Nilipofungua tulikuwa wawili. Wauza maji wapo wanne, mama ntilie watatu, wauza chapati sijui. Wote tumejiajiri, na wote tunamsubiri mtu mmoja, yule anayetoka getini saa moja jioni na elfu sita mkononi.

Jirani yangu anapika wali maharage kwa 1,500. Bei ya mchele ilipopanda alijaribu 2,000 kwa siku tatu, akarudisha, akapunguza kijiko badala yake. Hakuwa na namna. Mteja wake hawezi kulipa zaidi ya alicholipwa. Mimi kamisheni yangu inatokana na miamala, na mtu mwenye elfu sita haweki hela kwenye simu, anainunulia unga na mafuta ya kupimiwa kabla hajafika nyumbani. Siku msimamizi anapoita sitini, mtaa mzima tunajua bila kutazama saa, maana maandazi yanaisha. Siku anapoita thelathini, mama ntilie anarudi na sufuria. Ndiyo maana nashangaa mnapoweka ajira kwenye faili moja na kujiajiri kwenye faili jingine. Huku chini ni sahani moja. Kila buku inayokatwa pale getini imekatwa pia kwenye vibanda vyetu.

Mikopo ya halmashauri naijua, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kiliandika andiko, dirisha likafungwa Aprili 2023, likafunguliwa tena 2024, wakati huo mmoja wetu ameshahamia Mwanza na mwingine ameolewa Kibaha. Sina kinyongo. Lakini tungepewa huo mkopo tungefungua nini? Kibanda cha sita.

Jambo jingine linalonikera ni namna tunavyohesabiwa. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ambacho nchi nyingi hukitumia, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa ana ajira. Saa moja. Naelewa wataalamu wana sababu zao, wanataka kulinganisha nchi na nchi. Lakini kwa kipimo hicho yule aliyeitwa Jumatatu akakosa Jumanne hadi Jumamosi ana ajira, sawasawa na mtumishi wa Serikali ambaye tangu Julai 2025 kima chake cha chini ni 500,000. Wote wawili ni tiki moja kwenye fomu. Ndiyo maana nikisoma kwamba ukosefu wa ajira ni asilimia kadhaa, huwa natazama dirishani kwangu na kujiuliza hawa wamewekwa upande gani. Wamewekwa upande wa wenye kazi.

Msije mkasema vijana wanachagua kazi. Nina mteja, kijana wa Buza, ana shahada ya ualimu. Ananiita dada. Kwenye ukuta wa kibanda changu kuna msumari, na kwenye msumari kuna shati lake la bluu la mikono mirefu, limepigwa pasi, limefunikwa mfuko wa nailoni. Ni la usaili. Analiacha kwangu kwa sababu siku moja aliitwa kwenye usaili saa tatu asubuhi akiwa hapa getini na fulana ya kubebea mifuko, na kurudi Buza kubadili kungemchelewesha. Tangu siku hiyo shati linakaa hapa. Wiki mbili mbili analichukua, analifua, analirudisha. Machi 2025 lilitoka kwenda usaili wa Mamlaka ya Mapato. Mtakumbuka idadi yake, iliandikwa sana: waombaji 135,027 kwa nafasi 1,596. Ni kama watu 85 wanaotazamana juu ya kiti kimoja. Jumatatu yake alikuwa getini, na msimamizi akamwita, "wewe mwalimu". Angalau yeye ana jina.

Watu walishtuka na namba ile kana kwamba ni mpya. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa Uwanja wa Taifa, wakafika zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Mimi nilikuwa chuoni. Tulizungushiana zile picha za majukwaa yaliyojaa watu wenye bahasha, tukacheka sana. Hatukujua kuwa tunacheka picha zetu.

Sasa niseme ninachoomba, na naomba kidogo. Siombi mradi mpya, wala kongamano, wala jukwaa la vijana.

Nilifungua kibanda hiki katikati ya kelele za tozo. Mnakumbuka Julai 2021. Serikali iliamua kwamba kila anayetuma au kutoa pesa kwa simu akatwe kidogo kulingana na kiasi, na ndani ya siku moja ikawezekana. Mitandao yote ikafuata. Mwenye elfu tano alikatwa chake, mwenye milioni alikatwa chake, hakuna aliyepotea kwenye hesabu. Wananchi tulilalamika, Septemba ikapunguzwa, baadaye nyingine zikaondolewa, hayo yamepita. Lakini somo lilibaki: mkitaka kuiona shilingi inayopita kwenye simu ya kibarua, mnaiona.

Basi ioneni tena, safari hii kwa faida yake. Agizeni kwamba mwajiri yeyote anayechukua vibarua awalipe moja kwa moja kwenye laini ya kila mmoja, iliyosajiliwa kwa jina lake na NIDA yake, kila siku au kila wiki, kiasi kamili. Laini tulishazisajili kwa alama za vidole, kazi hiyo imekwisha. Kufanya hivyo buku ya msimamizi inakufa, maana itabidi aiombe kwa mdomo, kutoka kwa mtu ambaye ana ushahidi wa alicholipwa. Lakini kubwa zaidi ni kwamba siku zitaanza kujihesabu zenyewe. Mwisho wa mwaka ujumbe 283 wa malipo kutoka kwa mwajiri mmoja hauwezi kuitwa mtu aliyetokea barabarani. Ile kauntabuku yangu hakuna baraza la usuluhishi lililonisikiliza nayo, nilishauriwa mapema kabisa kwamba maandishi yangu mwenyewe hayatanifikisha mbali. Ujumbe wa muamala ni maandishi ya mwajiri.

Hili si ndoto. Bangladesh, nchi ya viwanda vya nguo vyenye mishahara ya kusikitisha, Aprili 2020 wakati wa korona ilitoa mkopo wa kuwasaidia wenye viwanda kulipa mishahara, ikaweka sharti: fedha ziende kwenye akaunti ya benki au ya simu ya mfanyakazi mwenyewe. Akaunti zilifunguliwa kwa mamilioni ndani ya wiki chache. Mishahara yao haikugeuka kuwa mizuri kwa sababu hiyo, sitawadanganya. Lakini mfanyakazi alipata jina. Na sisi kwenye pesa za simu hatuwezi kuwa nyuma ya Bangladesh.

Najua waajiri watakachosema, maana nilikuwa nakisikia ndani. Kazi haina uhakika. Meli imechelewa, kontena zimekwama bandarini, umeme umekatika. Kuhusu umeme, mgao wa 2023 ulikuwa kweli na ulituumiza wote, hata mimi nilikuwa nachaji simu za watu kwa jenereta ya jirani. Lakini mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere iliwashwa Februari 2024, bwawa lenye uwezo wa megawati 2,115, na treni ya umeme inapita hapa jirani kila siku tunaiona. Kisingizio hicho kimezeeka. Kuhusu kontena nakubali, kazi inapanda na kushuka. Ila mimi nimehesabu kutoka dirishani kwangu miaka mitano. Siku mbaya kuliko zote, hata ya mvua ya Aprili ile barabara ya mtaa inapogeuka mto, msimamizi hajawahi kuita pungufu ya thelathini. Basi thelathini si vibarua. Thelathini ni wafanyakazi wa kudumu wanaobadilishwa sura kila alfajiri. Waandikwe mikataba hao, na wale wanaoongezeka siku za kontena wabaki vibarua, wakilipwa kwa simu. Sidhani kama hilo linafilisi mtu.

Niseme na hofu yangu, nisije nikaonekana najua kila kitu. Nilipomwambia yule mwalimu kwamba naandika barua hii alinyamaza, kisha akasema, "Dada, watatufungia geti." Anaweza kuwa sahihi. Mwajiri akibanwa anaweza kuita ishirini na tano kwa mwezi mzima ili kutukomoa, au akaleta mtu wa kati mwenye kampuni ya mfukoni, aonekane yeye ndiye mwajiri. Mchezo huo nao mnaujua, mwaka 2014 mlishatoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira kwa sababu yake. Kwa hiyo agizo peke yake halitoshi. Linahitaji mtu wa kuja kutazama.

Na hapo ndipo ombi langu la pili, ambalo halina gharama kabisa. Kuanzia Januari 1, 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa wastani wa asilimia 33.4. Nilifurahi, nikalibandika tangazo hilo kwenye ubao wa kibanda changu, vibarua wakalisoma wakisubiri simu zao. Mmoja akauliza, "Hii inatuhusu sisi?" Kwenye geti ninalolitazama bei imebaki ileile ya mwaka jana. Tangazo lilifika ofisini, halikufika getini, kwa sababu ukaguzi wa kazi huja saa nne, unaingia kwa gari, unapokelewa na meneja rasilimali watu, unaonyeshwa mafaili ya watu wenye mafaili. Wasio na mafaili huwa wapo ndani kwenye kontena au wamesharudi Buza.

Afisa kazi aje alfajiri. Asije na gari la Serikali, apande daladala ya Gongo la Mboto kama wengine, avae kawaida, asimame kwenye kundi. Akiitwa, aingie afanye kazi mpaka jioni, apokee elfu sita yake. Asipoitwa, akae na waliokosa pale kwenye kizingiti, awaulize wamekuja mara ngapi mwezi huu na mara ngapi wameitwa. Nitamtunzia simu bure. Kauntabuku yangu ipo, ataikuta, imeloa kidogo pembeni lakini inasomeka. Akitaka chai, mama wa chapati anawasha jiko saa kumi na moja.

Ila awahi. Saa kumi na moja na nusu awe ameshafika. Akija saa moja na robo atamkuta mlinzi na ule mwarobaini tu.

Ni mimi,
Wakala wa mbele ya geti,
Kiwalani, Dar es Salaam.